Mgongo wa Tindo

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa ngome, na ngome ikawa na mlango. Mlango wa nani?

— Wa mwenyewe!

Na mgeni je?

— Abishe hodi!

Haya, sogezeni vigoda. Wewe uliyejibanza nyuma ya kuni, njoo kwenye mwanga. Mimi simhadithii mtu nisiyemwona uso.

Hapo kale, kale ya kale, wanyama walikuwa na nchi zao na mipaka yao, na kila nchi ilikuwa na namna yake ya kujilinda. Katika nchi ya Mawe Saba waliishi pimbi. Mnamjua pimbi: kanyama kafupi, hakana mkia, hakana pembe, hakana ugomvi na mtu. Jeshi lao lote lilikuwa mlinzi mmoja aitwaye Tindo. Alikaa juu ya jiwe kubwa akitazama mashariki, anakotokea tai. Tai akija, Tindo hupiga ukelele, na pimbi wote huingia mwambani, chwi!

Tindo alikuwa na mke, Bi Mashaka. Mama huyu hakuwahi kula jani bila kuligeuza upande wa pili. Watu walimcheka, lakini hawakumwona hata siku moja akiumwa na tumbo.

Siku moja akaja Mbweha. Akasimama mbali, mkia chini, sauti laini.

"Amani, jamani, amani! Mimi nimezeeka, nyama nimeacha. Siku hizi nala panzi. Nimewaonea huruma tu. Nchi zote zina majeshi, ninyi mna Tindo. Nipeni mjumbe nimtembeze, aone wenzenu wanavyojilinda, alinganishe, mchague lililo bora."

Mzee Gumegume, mkuu wa Mawe Saba, alifurahi mno. Siku nyingi alitamani kuitwa amiri jeshi. "Aende Bi Mashaka," akasema. "Huyo hadanganyiki."

Bi Mashaka akanusa, akatazama. Hakupenda safari ile hata kidogo. Lakini alimwona Tindo kule juu, peke yake, shingo imekauka kwa kutazama upande mmoja, akaona heri aende. Huenda angempatia mumewe mwenzake.

"Twende, shemeji," akasema Mbweha. "Tuone, tulinganishe, turudi."

"Ushemeji huu umeanza lini?" akauliza Bi Mashaka. Mbweha akacheka tu.

Siku ya kwanza wakafika nchi ya Nyuki. Mlangoni walinzi wakamnusa Bi Mashaka kichwa hadi kisigino, kisha jemadari wao akatoka.

"Kwetu kila raia ni askari," akasema jemadari. "Kila askari ana mkuki mmoja. Akichoma, mkuki unabaki kwa adui, naye anakufa."

"Na akimchoma mgeni mwema kwa makosa?"

"Anakufa vilevile."

Bi Mashaka akawaza: hii ni nchi ya matanga. Akaanza kuaga. Lakini Mbweha akakohoa.

"Shemeji, usisahau desturi ya wajumbe. Aliyekufungulia mlango wake, nawe mfungulie wako. Kwenu walinzi ni wangapi?"

Kweli, desturi ilikuwa hiyo, na jemadari alikuwa anasubiri. "Mmoja," akajibu Bi Mashaka.

Siku ya pili: "Twende, shemeji, tuone, tulinganishe, turudi." Wakafika nchi ya Mchwa, kwenye kichuguu kirefu. Askari wa huko wana vichwa vikubwa na meno kama koleo, meno ya kukata tu, hayawezi kutafuna. Wanalishwa mdomoni na vibarua, asubuhi na jioni.

"Na vibarua wakichoka kuwalisha?" Bi Mashaka akamwuliza kibarua mmoja bibi kizee.

Bibi yule akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mwanangu, hayo hayasemwi hapa."

"Na askari wakishikwa na hasira?"

"Hayo ndiyo hayasemwi kabisa."

Mbweha akakohoa. "Desturi, shemeji. Huyo mlinzi wenu mmoja hutazama upande gani?"

Bi Mashaka akasita. Bibi kizee alikuwa amemwambia ya hatari, naye aliona haya kumnyima jibu. "Mashariki," akasema. Neno lilipotoka tu, akatamani kulimeza tena.

Siku ya tatu, njiani, Mbweha akaomba radhi akaenda kichakani. Aliporudi alikuwa mchangamfu sana. Bi Mashaka naye akaomba radhi, akaenda kichaka kilekile. Jamani, msikunje pua, hadithi ni hadithi! Akaona kinyesi cha Mbweha. Akanusa, akatazama, akakichokoa kwa kijiti. Ndani mna manyoya. Ndani mna vifupa.

"Panzi gani huyu ana manyoya?" akajiuliza. Nani wa kumfungulia Mbweha mlango? Hakuna. Lakini mjumbe hufunguliwa, na Mbweha huingia kwa mgongo wa mjumbe. Nyuki ana mkuki mmoja tu, amejua. Mchwa wanakula saa ngapi, amejua. Na mgongo wa Tindo hauna mtu, hilo amelijua kwa kinywa cha mkewe.

Alitamani kukimbia. Lakini angekimbia, Mbweha angejua kwamba amejulikana. Akajifuta vumbi, akatoka akitabasamu.

"Twende, shemeji," akasema yeye safari hii. "Tuone, tulinganishe, turudi."

Wakafika nchi ya Nungunungu. Huko hakuna jeshi wala jemadari. Kila mmoja amebeba mikuki yake mgongoni, na kila mmoja amekaa mbali na mwenzake.

"Mtoto wako akilia usiku unambembelezaje?" akauliza Bi Mashaka.

"Hulia mpaka akanyamaza," akajibu Nungunungu.

Mbweha akakohoa. "Desturi, shemeji. Mlinzi wenu hupumzika saa ngapi?"

Ukweli ni kwamba Tindo hushuka kunywa maji alasiri. Bi Mashaka akamtazama Mbweha usoni, akauvaa upumbavu kama kanga. "Adhuhuri, jua la utosini. Hulala palepale juu ya jiwe, hata umkanyage mguu haamki."

Mbweha akameza mate. Mara akakumbuka ana mgonjwa nyumbani, akaaga, akaenda mbio.

Bi Mashaka alikimbia hadi Mawe Saba, akasimama barazani akayasema yote, ya kweli mawili na la uongo moja. Kisha Mzee Gumegume akanguruma.

"Tumekutuma kulinganisha majeshi, umerudi umeliuza letu! Tutajuaje kama uongo umemwambia Mbweha, au unatuambia sisi?"

"Subirini kesho adhuhuri."

"Haya. Kesho utalinda wewe upande wa magharibi. Asipokuja, utahama mawe haya."

Kesho yake Tindo alikaa juu ya jiwe akitazama mashariki. Nyuma yake alijilaza Bi Mashaka akitazama magharibi, migongo imegusana. Jua likapanda. Usiku kucha majirani walikuwa wamemjaza Tindo maneno, na maneno yakamtoka.

"Mke wangu. Hayo mawili uliyasema kwa kutojua, au mlipatana?"

Bi Mashaka aliumia. Siku tatu alikuwa ametembea kwa ajili ya shingo ya mtu huyu. "Kama huniamini," akasema, "geuka unitazame."

Tindo akafikiri. Mashariki mbinguni palikuwa na kitone cheusi, huenda ni tai, huenda si tai. Nyuma yake palikuwa na mkewe, huenda ni mkewe tu, huenda ni mlango uliokwisha kufunguliwa. Akafikiri sana.

Hakugeuka.

Jua lilipofika utosini, nyasi za magharibi zikatikisika pasipo upepo. Mbweha mbele, ndugu zake wanne nyuma, matumbo chini, macho kwenye mgongo wa Tindo. Bi Mashaka akangoja mpaka akaona meno. Ndipo akapiga ukelele ambao Mawe Saba hayajausikia tena.

Chwi! Pimbi wote ndani, na Tindo ndani, na Bi Mashaka wa mwisho. Mbweha akaruka, akaangukia kidevu juu ya jiwe tupu.

"Shemeji!" akalia. "Ulisema adhuhuri analala!"

"Amelala," ikajibu sauti kutoka mwambani. "Mimi niko macho."

Mzee Gumegume alipopata pumzi, aliuliza kama amiri jeshi: "Haya, tuige nchi ipi?"

"Nyuki hulindwa na anayekufa," akasema Bi Mashaka. "Mchwa hulindwa na anayewatisha. Nungunungu hujilinda, na hana wa kumkumbatia. Mimi sitaki hata moja. Nipeni mgongo wa Tindo, naye apewe wangu."

Mzee akataka baraza likae siku saba kulijadili. Hawakumngoja. Ndiyo maana hadi leo pimbi wakiota jua juu ya mawe, hupeana migongo, kila mmoja na upande wake.

Funzo, wanangu: anayekuja kukufundisha kufunga mlango, mwulize kwanza yeye hulala wapi. Na ukishampa mtu mgongo wako, usigeuke kila saa kumchungulia.

Hadithi imeisha, atakaye aibebe, asiyetaka aniachie nitakula nayo kesho. Mimi mwenyewe nilipita Mawe Saba nikaomba maji. Walinipa, tena kwa ukarimu. Ila walihesabu vibuyu kabla sijaondoka.