Zimwi Dukani kwa Mbaruku

Tegeni masikio, hadithi imebisha hodi!

Maduka mawili yalitazamana, la Mbaruku na la Bi Saumu. Mbaruku aliongoza wafanyakazi wake kwa fimbo. Bi Saumu aliwaomba wake shauri. Siku moja Mbaruku alimfukuza Mashavu, mpimaji wake wa nafaka, eti kwa nini alikwenda kumzika mwanawe. Mashavu akaenda msituni, akaliambia zimwi lililoishi humo, "Nilipizie kisasi."

Zimwi likaingia dukani. "Lishikeni!" akapiga ukelele Mbaruku. Wafanyakazi wakatoka, wakafunga mlango kwa nje. Akaita tena, wakakaza komeo. Akaita mara ya tatu, sauti ikatokea tumboni mwa zimwi.

Zimwi likavunja mlango, likavuka kwa Bi Saumu. Wafanyakazi wake wakamzunguka, michi mikononi.

"Hapa hapaliki," likanung'unika, likarudi msituni.

Mashavu akafuta machozi, akaingia kwa Bi Saumu kuomba kazi.