Walezi Watatu, Mstari Mmoja

Hadithi hii nawapa pamoja na kazi. Nimeigeuza kichwani tangu viazi vilipochimbwa na imenishinda, kwa hiyo atakayenicheka anicheke akiwa na jibu mkononi.

Kulikuwa na watu watatu huko Rungwe, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza ni Bibi Kissa, ambaye hakuwahi kusema uongo. Mgeni akimuuliza kama nyumbani kuna kuku, atajibu kuna watatu, na mmoja amenona. Wa pili ni mwanawe Ambilikile, seremala, ambaye hakuwahi kuvunja ahadi. Akisema meza italetwa Jumanne, Jumanne meza inaingia ndani, hata mvua inyeshe ya kuangusha migomba. Wa tatu ni Atuganile, muuza vitumbua wa jirani na shule ya sekondari, ambaye hakujaliwa mtoto, na ambaye hakuwahi kumfungia mtu mlango.

Katikati yao alikuwepo Tusekile, binti wa miaka ishirini na mmoja, mjukuu wa Bibi Kissa. Wazazi wake walifariki kabla hajajua kutambaa. Sasa alikuwa amechaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea uuguzi, na chuo hicho kilikuwa na mfuko wa kuwalipia ada wasio na uwezo. Akiukosa mfuko, nafasi anapewa mwingine. Hilo ndilo jambo lenyewe, mengine yote ni njia ya kulifikia.

Bibi Kissa alimlea miaka saba ya kwanza. Alimpokea akiwa wa miezi mitatu, hana titi la kunyonya, akamnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, na kila alipochemka homa alimbeba mgongoni hadi zahanati. Alimwachia pale tu macho yake yalipoingia ukungu, akawa hamwoni mtoto akikaribia moto.

Ambilikile alimlea miaka saba iliyofuata. Dada yake, mama wa Tusekile, kabla ya kukata roho alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu asikose mtu wa kumjibia." Basi kila mkutano wa wazazi Ambilikile alikuwepo, nguo zimejaa vumbi la mbao, na jina la mtoto lilipoitwa alisimama na kusema, "Nipo." Mchumba wake alichoka kumngoja, akaenda kuolewa Kyela.

Atuganile alimlea tangu kidato cha kwanza hadi cha sita. Mwenye kupenda kubishana atasema hiyo ni sita, si saba. Namwomba aongeze na mwaka wa kungojea matokeo. Shule haikuwa na bweni, na mji wa mjomba ulikuwa mbali. Atuganile alimkuta binti amejibanza kwenye baraza yake akikwepa mvua, madaftari kayaficha chini ya sweta. "Ingia ndani, mwanangu, hapo utalowa," akamwambia. Akaingia, na hakutoka tena. Sokoni watu wakaanza kumwita Mama Tusekile, yeye ambaye miaka yote aliitwa kwa jina lake tupu.

Sasa ikaja fomu. Ilikuwa na kurasa kumi na moja, na Tusekile, pamoja na alama zake nzuri za baiolojia, hakuielewa hata nusu. Mwombaji, mdhamini, mlezi, mtegemezi. Alidhani mdhamini ndiye mlezi, kisha akadhani mlezi lazima awe mzazi, kisha akadhani yeye hana. Ukurasa wa nne uliandikwa: "Jina la mlezi. Ambatisha barua ya serikali ya kijiji." Mstari ulikuwa mmoja. Akawapigia simu wote watatu kuwauliza mlezi maana yake nini. Kila mmoja akamjibu vilevile, "Ni mimi, mwanangu. Nakwenda kwa mwenyekiti sasa hivi."

Walikaa vijiji vitatu, kwa hiyo hakuna mwenyekiti aliyejua cha mwenzake. Zikarudi barua tatu, kila moja na muhuri wake. Tusekile akaandika majina mawili kwenye mstari na la tatu akalipenyeza pembeni, akabana barua zote kwa pini. Alidhani karatasi nyingi zina nguvu kuliko moja. Masikini, alifurahi hasa.

Furaha iliishia kwenye dirisha la Bi. Skolastika, karani wa mfuko.

"Binti, mbona hapa umejaza watu watatu?"

"Wote ni walezi wangu, mama."

"Yeyote kati yao angetosha peke yake, mfuko haubagui. Ila watatu kwa mpigo, wakubwa wangu watasema ni udanganyifu." Akavua miwani. "Chagua mmoja. Wawili waliobaki waende mahakamani wakaape kwamba hawakukulea. Ijumaa saa kumi jioni nafunga faili."

Tusekile alielewa kila neno, na bado hakuelewa kitu. Inakuwaje mtu aape kwamba jambo lililofanyika halikufanyika, ili binti yake asomeshwe?

Jumapili aliwakusanya nyumbani kwa Bibi akawaeleza. Bibi Kissa ndiye aliyeanza.

"Nishike Biblia niseme sikukulea? Mimi naelekea kwa Mungu, mjukuu wangu. Nikifika nimwambie nini?"

"Na mimi nilimwambia dada nitakuwepo," Ambilikile akasema. "Leo nikaape kwamba sikuwepo?"

Atuganile alikuwa akikizungusha kikombe mapajani. "Nyinyi ni ndugu zake," akasema mwishowe. "Mkiapa, mnabaki ndugu. Mimi nikiapa, nabaki nani?"

Chai ikapoa. Tusekile alitoka nje akasimama karibu na zizi. Alitamani angekuwa na mlezi mmoja tu kama watu wengine, kisha akaona haya, akalia kwa hasira. Wiki ikaenda hivyo hivyo. Alikuwa hawezi kumchagua mtu, na hawezi kumwomba mtu aape.

Ijumaa alikwenda chuoni mikono mitupu, kuomba aongezewe siku. Bi. Skolastika hakumwacha amalize salamu. Alifungua faili akapanga karatasi tatu dirishani.

"Wiki iliyopita ulikuwa na walezi watatu," akasema. "Leo huna hata mmoja."

Vilikuwa viapo, na vilikuwa vitatu. Kila mmoja alikuwa ameondoka kimyakimya kwenda kwa hakimu, akaapa, akatuma karatasi kwa basi moja kwa moja hadi ofisini, akidhani anawaachia nafasi wenzake wawili. Wale waliogombea kuwa walezi walikuwa wamejiondoa wote. Kosa lile lile, mara ya pili, na safari hii Tusekile hakuwa amempigia mtu simu.

Akazitazama. Ya kwanza ilikuwa na dole gumba la Bibi, limekwenda upande kwa sababu mwenyewe haoni pa kuliweka. Mwanamke aliyeshindwa kumdanganya mgeni kuhusu kuku alikuwa ameshika Biblia na kusema, "Sikumlea."

Ya pili ilikuwa na sahihi ya mjomba, imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka. Seremala ambaye hakuwahi kuchelewesha hata kigoda alikuwa amevunja ahadi aliyompa mtu ambaye hayupo tena wa kuombwa radhi.

Ya tatu ilikuwa na doa la mafuta ya vitumbua kwenye kona. Chini ya sahihi palikuwa na mstari ambao hakuna hakimu aliyeuomba: "Tangu leo nimewaambia na watu wa sokoni waniite Atuganile." Hapo Tusekile akashika ukingo wa dirisha.

"Usilie juu ya faili," Bi. Skolastika akasema, na sauti yake mwenyewe ilikuwa imebadilika. "Nisikilize. Barua zenu tatu ninazo. Viapo nahitaji viwili. Chana kimoja. Utakayechana kiapo chake, huyo ndiye mlezi wako, na neno lake lile la uongo linakuwa halikuandikwa. Vingine viwili vinabaki kwenye faili. Nami faili sichomi."

Sasa nawaona mnavyopanua midomo. Mmoja ataniambia damu ni nzito kuliko maji. Amwambie Atuganile, tena amwambie akiwa kwenye ile baraza yake, mvua inanyesha. Mwingine atasema mkubwa kwanza, Bibi hana miaka mingi. Ni kweli, ila aliyekwisha kufa na bado anadai ahadi yake ni dada yake Ambilikile. Wa tatu atasema wote waligoma Jumapili, basi tumpe aliyeapa wa kwanza. Tarehe kwenye viapo vyote ni Jumatano. Nimeangalia kabla yako.

Na yule anayesema "ningechana chochote tu, muhimu masomo," simlaumu, ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tusekile atarudi nyumbani likizo. Atawakuta wote watatu wamekaa, na kila mmoja atamtazama usoni bila kumuuliza.

Saa ya ukutani inasema kumi kasoro dakika nne. Bi. Skolastika ameshika muhuri. Tusekile ameweka mkono juu ya karatasi ya kwanza, ameuhamishia ya pili, ameupeleka ya tatu, ameurudisha tena ya kwanza.

Mimi nimefika hapa mara nyingi na sijawahi kupita. Karatasi hizo, zi mbele yako. Wewe ungechana ipi?