Shimo Nyuma ya Kichuguu

"Soma nyayo kabla hujainua mkuki." Mmeyasikia maneno haya leo kwa mjomba wenu, mkacheka, mkaniuliza tangu lini miguu ya wanyama ikasomwa. Basi, wajukuu zangu, methali hii ilianza hivi, huku huku kwetu kando ya jangwa la Chalbi.

Galgalo na mkewe Talaso walikuwa na mtoto mchanga, Boru. Talaso alikuwa ameugua, maziwa yakamkauka, na mtoto akawa anaishi kwa maziwa ya mbuzi wao mweupe, ndiye pekee aliyekuwa akikamuliwa. Asubuhi moja wakakuta mbuzi yule hayupo. Damu tu mchangani.

Galgalo hakusita. Nyuma ya kichuguu kilichokuwa karibu na zizi palikuwa na shimo, na jioni iliyopita alimwona mnyama wa milia, mwenye manyoya marefu mgongoni, akitokea humo. "Fisi!" Akachukua mkuki, akaanza kuziba mdomo wa shimo kwa mawe, akibakiza upenyo wa kuchomea.

Talaso akamfuata, mtoto mgongoni. Akainama, akautazama mchanga.

"Baba Boru, ngoja."

"Ningoje nini? Mwanangu atakunywa nini leo?"

"Hata kwangu ni mwanangu. Lakini tazama. Nyayo hizi ni ndogo, na kucha zimeacha alama. Kule zizini nimeona nyayo pana, za mviringo, bila kucha. Chui huficha kucha zake atembeapo. Na kinyesi hiki kimejaa vichwa vya mchwa. Hakuna unywele wala mfupa. Huyu ni fisi mdogo, mla mchwa. Mbuzi hamwezi."

Galgalo akainama kutazama. Ndipo waliposikia, ndani ya shimo, vilio vyembamba vya watoto.

Mkuki ukashuka. Akapiga magoti, akayaondoa mawe moja moja, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha Boru.

Wakazifuata zile nyayo za mviringo hadi kwenye miamba. Mbuzi wao alikuwa juu ya mgunga, ameliwa nusu. Wangalimuua fisi mdogo, wangalilala wakijiona salama, na chui angalirudi kwa mbuzi waliobaki. Siku hiyo wakaongeza miiba zizini, wakawasha moto. Chui akazunguka, akaenda zake. Dada yake Galgalo akaleta mbuzi mwingine wa maziwa, Boru akashiba.

"Uliwezaje kunizuia," Galgalo alimuuliza mkewe, "na mwenye njaa alikuwa mtoto wako?"

"Nilijua ilivyo," Talaso akajibu, "mama kushindwa kumnyonyesha mwanawe. Sikutaka mama mwingine aonje uchungu huo."

Ndiyo maana hapa kwetu, mtu akikurupuka kumhukumu mwenzake, tunamshika mkono kwa upole, tunamwambia: soma nyayo kabla hujainua mkuki.