Ngiri Aliyenukia Kaimati

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama wenye mafua? Zibueni pua, maana ya leo haisikiwi kwa masikio peke yake. Paukwa!

Pakawa!

Haya sasa. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakinusana kwanza ndipo waamkiane, alikuwako Ngiri. Ngiri dume. Meno mawili yamepinda nje, hivi. Shingo nene. Mkia wima. Akitembea, tuku-tuku-tuku, vumbi linampisha njia. Siku moja Chui alikuja kumvizia mwanawe. Ngiri alimpiga kichwa kimoja tu, pu! Chui akapanda mti, na hakushuka mpaka kesho yake. Basi madume wote wakamheshimu Ngiri.

Lakini Ngiri alikuwa na jambo lake, na jambo hilo lilimla moyo. Alinuka. Alinuka tope la juzi na jasho la jana. Siku ya harusi yake, mama mkwe alimpokea kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeziba pua. Ngiri aliona. Hakusema neno. Watoto wake walipozaliwa, wakawa wanalala upande wa mama yao, wote wanne, wamebanana kama viazi guniani. Upande wa baba ulikuwa mtupu. Hilo nalo aliliona. Hilo nalo hakulisema.

Mkewe aliitwa Mashavu. Yeye hakuambiwa, lakini alijua. Mke ana macho.

Siku moja Mashavu akaondoka alfajiri. Akaenda kwa Kima wa msituni, akaomba iliki na maganda ya lavani. Akapewa. Akaenda kwenye mzinga wa nyuki, akaomba asali. Nyuki hawakumpa. Akachukua. Nyuki wakamshukia, vuuu! Alirudi nyumbani jicho moja limevimba, limefunga kabisa.

"Mke wangu! Wamekuuma wangapi?" Ngiri akauliza.

"Sikuhesabu. Nipishe jikoni."

Akachoma sukari guru mpaka ikawa nyekundu. Akatia asali. Akatia lavani. Akatwanga iliki, tu-tu-tu. Akachanganya na mafuta ya nazi, akachuja, akatia kwenye kibuyu kidogo. Siku tatu hakukifungua. Siku ya nne akamwita mumewe.

"Koga kwanza."

Ngiri akakoga.

"Sogea nikupake."

Akampaka shingoni. Akampaka nyuma ya masikio. Akampaka kifuani. Ngiri akajinusa. Nfu! Akajinusa tena. Nfu, nfu! Watoto wangu, ilikuwa harufu ya kaimati zinapotoka kwenye shira. Ilikuwa harufu ya jikoni asubuhi ya Idi. Haikuwa ya waridi, haikuwa ya udi. Ilikuwa ya kitu unachotaka kukiuma.

"Mke wangu," akasema polepole, "mimi nanukia?"

"Unanukia, Baba Watoto."

"Kweli nanukia?"

"Waulize wanao."

Hata hakuuliza. Watoto walikuwa wamekwisha kumpanda. Mmoja shingoni, mmoja tumboni, wawili wanagombea sikio. Mchana ule walilala juu ya baba yao, na Ngiri hakuthubutu kugeuka, akiogopa wataamka. Mguu ukamfa ganzi. Akauacha ufe.

Basi, kesho yake ilikuwa siku ya baraza la madume. Madume hukutana kwenye jabali bapa lililo karibu na kisima, jua linapokuwa utosini. Na siku hiyo palikuwa na neno kubwa. Kiangazi kilikuwa kinaingia, na kisima kilitaka mlinzi. Mlinzi wa kisima ndiye anayesema nani anywe sasa na nani angoje. Ni cheo. Ngiri alikitaka cheo hicho tangu ujana wake. Na wengi walikuwa wamekwisha kumnong'oneza: safari hii ni wewe.

Mashavu akampaka tena, vizuri, mpaka chini ya kidevu. Ngiri akashika njia. Tuku-tuku-tuku.

Alipofika, akasema, "Salaam aleikum, wazee."

Hakuna aliyeitikia. Pua zote zilikuwa juu. Nfu! Nfu! Nfu!

"Nani kaleta kaimati?" akauliza Punda Milia. "Mimi sijala tangu asubuhi."

Fisi akazunguka. Akanusa hapa, akanusa pale. Akafika kwa Ngiri. Akasimama. Akacheka. Kwi-kwi-kwi!

"Jamani! Si kaimati! Ni Ngiri! Ngiri ananuka!"

"Sinuki," akasema Ngiri. "Nanukia."

"Ananukia! Mmemsikia? Ananukia!" Na Fisi, mnamjua, kwa maneno hana breki. Akapiga makofi, akaimba:

*Dume gani hilo, dume gani?*
*Kaimati imetoka kikaangoni!*
*Itieni, jamani, sahanini,*
*kahawa nayo i wapi, majirani?*

Wengine wakaangua kicheko. Wengine hawakucheka, wakainama. Pofu, dume kubwa la jamii ya swala, mwenye sauti nzito, alifungua kinywa kama anayetaka kusema kitu. Akakifunga.

Nyati ndiye aliyekuwa mkuu wa baraza. Akakohoa. Kicheko kikakatika.

"Ngiri," akasema Nyati, "mimi sikuelewi. Dume linuke dume. Jasho, tope, moshi. Utamu ni wa watoto na maharusi. Leo tunatafuta wa kusimama mlangoni pa maji, nawe umekuja kama sinia la shereheni. Nini hii?"

Ngiri aliona kisima. Alikiona cheo kikimponyoka, kama samaki aliyekwisha kushikwa mkononi. Masikio yalimwaka moto. Akafungua kinywa, na hiki ndicho kilichotoka:

"Si mimi, mzee. Ni mke wangu."

"Mkeo?"

"Mke wangu kanimwagia mafuta nikiwa nimelala. Mimi hata siyataki. Nimemkataza mara ngapi! Lakini mnawajua wanawake. Akili hana yule. Kuchezea sukari ndiyo kazi yake."

Fisi akacheka, kwi-kwi-kwi! Lakini safari hii alicheka pamoja na Ngiri, si kumcheka. Na Ngiri, masikini, akaona raha. Raha ya aliyeokoka. Basi akaongeza. Kando ya jabali palikuwa na mavi ya nyati, mabichi, ya asubuhi ile. Ngiri akajitupa humo. Akabingirika. Pa! Huku. Pa! Kule. Akainuka hafai kutazamwa.

"Dume!" wakapiga kelele. "Hilo ndilo dume!"

Na papo hapo Nyati akamtangaza kuwa mlinzi wa kisima.

Ngiri akageuka, kifua mbele, aonwe na wote. Ndipo na yeye akaona. Njia ya kisimani inapita chini ya jabali lile. Wake walikuwa wanapita kuteka maji, wamejipanga mstari, kimya. Na katikati ya mstari alisimama Mashavu, mtungi kichwani. Jicho moja bado limefunga. Lile la pili linamtazama.

Hakulia. Hakutukana. Aliutengeneza mtungi wake kichwani, akaenda zake.

Ngiri alirudi nyumbani akipitia njia ndefu. Njiani alitunga maneno. Nitasema nilitania. Nitasema ni maneno ya barazani, hayana uzito. Nitasema nilifanya kwa ajili yetu, tupate maji kwanza. Akafika. Mkewe alikuwa anachambua mizizi.

"Umerudi?"

"Nimerudi."

"Chakula tayari. Karibu."

Basi. Hakusema zaidi ya hapo. Ngiri alingoja ugomvi, ugomvi haukuja. Maneno yake aliyotunga hayakupata pa kuingilia. Pembeni ya mlango palikuwa na sisimizi, weusi, maelfu, wamefunika ardhi. Akatazama vizuri. Mashavu alikuwa amemwaga kibuyu chote pale. Kibuyu chenyewe kimeoshwa, kimeanikwa.

Watoto walimkimbilia baba yao. Wakafika karibu. Wakasimama. Mdogo wao akasema, "Baba, leo una nini?" Wakarudi upande wa mama.

Siku ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu ikapita. Ngiri akasimama mlangoni pa maji, wanyama wakampigia magoti, "Shikamoo mlinzi, shikamoo mlinzi." Kila shikamoo ilimchoma. Akioga, anahisi bado amechafuka. Wake wa wenzake wakija kuteka, wanatazama chini, lakini akiwapa mgongo anawasikia: "Akili hana yule." Walikuwa wanayasema maneno yake mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe. Mashavu alikuwa akija, anateka, anasema "Ahsante, mlinzi," kama anavyosema mgeni. Ngiri alitamani ardhi ipasuke.

Siku ya nne, jua kali, alikuja Pofu. Alikuja peke yake. Akanywa. Akamaliza. Hakuondoka. Akatazama huku, akatazama kule, dume zima lenye pembe kama mikuki, likawa linachorachora chini kwa ukwato.

"Ndugu yangu," akasema Pofu, "ile harufu."

"Harufu gani?"

"Ile. Ya siku ile." Akashusha sauti. "Imebaki kidogo?"

Ngiri akamkodolea macho.

"Usinitazame hivyo. Ile harufu ilinikumbusha marehemu mama yangu. Nilitaka kusema pale barazani. Nilikuwa nafungua kinywa. Nikasema moyoni, akisimama Ngiri, nami nasimama. Ngiri aliyemkimbiza Chui! Halafu ukasema ni mkeo, tena akili hana. Basi nikanyamaza. Na si mimi peke yangu. Punda Milia naye anaitaka. Tuko wengi. Kila mmoja anadhani yuko peke yake."

"Imekwisha," akasema Ngiri. "Ameimwaga."

"Ah."

"Ni mimi niliyeimwaga, Pofu. Yeye kakishika tu kibuyu."

Wale madume wawili wakasimama pale, hakuna anayeweza kumtazama mwenziwe.

Siku ya baraza ikafika tena. Madume wakakaa. Ngiri akabaki amesimama. Hata mbele ya Chui hakuogopa hivyo.

"Wazee, nina neno."

"Sema," akasema Nyati.

"Siku ile nilidanganya. Mke wangu hakunimwagia nikiwa nimelala. Nilikuwa macho. Nilikaa, nikainua shingo, akanipaka. Na nilipenda. Aliumwa na nyuki kwa ajili yangu. Anayo akili kuliko mimi. Mimi ndiye niliyemtukana mbele yenu ili msinicheke."

Na bila shaka, kwi-kwi-kwi! "Kaimati imerudi sahanini!" akapiga kelele Fisi. Wengi wakacheka. Ngiri hakucheka nao. Hakukimbia. Alisimama, masikio yanawaka, akaviacha vicheko vimpige kimoja kimoja.

Ndipo Pofu akainuka. "Mimi harufu ile naipenda," akasema kwa ile sauti yake nzito.

"Na mimi," akasema Punda Milia. "Ila inatia njaa."

Pakawa na zogo. Huyu anasema inafaa, yule anasema inachefua. Huyu anasema kidogo si kibaya, yule anasema dume ni tope. Nyati akakohoa.

"Mimi siipendi," akasema. "Nasema wazi. Inanipanda kichwani, na nitakaa upande upepo unakotoka. Hiyo ni pua yangu. Lakini kuna jambo silipendi zaidi. Ngiri, mlinzi anatakiwa aseme kweli hata wote wakitaka uongo. Wewe uliuza kweli, tena ya mkeo, kwa kicheko cha Fisi. Cheo hiki utakirudisha. Si kwa sababu ya sukari. Kwa sababu ya ulimi."

Ngiri akainamisha kichwa. "Haki yenu," akasema. Akashuka jabalini, si mlinzi tena.

Nyumbani, Mashavu alikuwa kakaa kwenye mkeka, anashona tundu la kikapu. Ngiri akasimama mlangoni. Safari hii hakuwa na maneno ya kutunga.

"Nimekukosea," akasema. "Sina kisingizio. Nimewaambia wote."

Mashavu hakuinua kichwa. "Mbele ya Fisi?"

"Mbele ya Fisi."

"Akacheka?"

"Akacheka."

"Na wewe?"

"Nilisimama tu."

"Na kisima?"

"Wamekichukua."

Mashavu akavuta uzi. Akafunga fundo. Akaukata kwa meno.

"Sitakutengenezea tena sasa hivi," akasema. "Mkono wangu bado hautaki."

"Naelewa."

"Pengine mvua zikija. Pengine."

Kisha akasogea kwenye mkeka. Hakusogea sana. Alisogea kiasi cha ngiri mmoja kukaa. Ngiri akakaa. Akawa ananuka tope, na aibu yake iko pale pale, imekaa naye. Aibu ile haikumtoka siku ile wala mwezi ule. Ilikuwa inabanduka kipande kipande, kama tope kavu mgongoni. Lakini alikuwa amekaa mkekani.

Na madume hawajakubaliana hadi leo. Kuna wanaotaka kunukia sukari, kuna wanaotaka kunukia moshi. Waacheni, kila mtu na pua yake.

Ila hili lishikeni, wakubwa kwa wadogo: dume kunukia utamu si aibu. Aibu ni kumkana aliyekupenda ili wanaokucheka wakupigie makofi. Na aliyekosea mbele za watu asiombe radhi uchochoroni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aichukue aende nayo kwao. Asiyeipenda aniachie, mimi nitalala nayo.