Fisi Aomba Kazi Zizini

— Ngano ipo mlangoni!
— Na iingie!
— Ikae wapi?
— Ikae katikati yetu!

Haya, isogezeeni nafasi. Na wewe unayecheka huko nyuma, cheka umalize, maana nikianza sirudii.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa wakiajiriana, palikuwa na Fisi. Akazeeka. Wenzake wakamfukuza kundini. "Mzee, mbio huna, mawindo unatuharibia." Akabaki peke yake. Akashinda na njaa, akalala na njaa, akaamka na njaa. Mbavu zote nje.

Siku moja akasikia kwamba mbuzi wa kule mlimani wanatafuta mlinzi. Mbwa wao ameoa mbali, hakurudi, na Chui ameanza kuzungukazunguka. Ujira ni bakuli la maziwa kila jioni.

"Maziwa hayanikimbii," Fisi akajiambia. "Kazi hii nikiikosa, nakufa."

Msicheke! Mnaijua njaa, nyinyi?

Akaenda. "Hodi, wenyewe!"

"Karibu, ila simama hapo hapo." Huyo ni Ndevu, beberu mkubwa, msemaji wa zizi. "Una shida gani?"

"Naomba kazi. Mimi ni mlinzi tangu utotoni."

"Ulimlinda nani?"

Fisi akajikuna sikio.

"Nakuuliza, ulimlinda nani?"

Akajikuna la pili.

"Basi nenda zako."

Akaenda, akalala na njaa. Kesho yake akarudi. "Hodi! Jana niliteleza. Leo nasema kweli tupu. Nina taya mimi! Mfupa wa nyati nauvunja, kwaa! Tazameni!" Akaachama.

Lo! Watoto wa mbuzi wakakimbilia chini ya mama zao. Mmoja akajikojolea.

"Funga mdomo wako, na uende!" Ndevu akafoka.

Fisi akajilaza kichakani, akawaza. Na kuwaza na tumbo tupu ni kazi, nawaambieni. "Nimewaonyesha nilivyo mkali. Kwani wao wanataka mkali? Wakali wanawajua. Wao wanataka usingizi. Wanataka kulala na watoto wao, na asubuhi waamke nao wote. Sasa mimi nina nini cha kumpa mbuzi usingizi?" Akageuka ubavu huu, akageuka ubavu ule, mpaka kukacha.

Akarudi mara ya tatu. "Hodi!"

"Wewe tena?"

"Mimi tena. Sijawahi kulinda hata kifaranga. Kazi yangu ilikuwa kuwaibia nyinyi, na mnajua."

Zizi zima likaguna.

"Lakini nisikilizeni. Usiku wote mimi macho, nimezoea. Chui akiwa bado bondeni, pua yangu imeshampata. Nikiambiwa nisubiri, nasubiri, sina papara. Na ua wenu ulipolegea napajua pote. Hayo niliyafanya ili niwale. Naomba niyafanye mpate kulala. Jambo moja siliwezi: kumkimbiza Chui. Nitapiga kelele mapema, na kelele zangu mnazijua."

Ndevu akacheka bila kupenda. Kisha akakunja uso. "Na siku ukitamani nyama?"

"Nitatamani, bwana, sikufichi. Ndiyo maana nasema mnifungie nje. Mlinzi kazi yake ni nje."

Ndevu akakuna ndevu zake. Alikuwa karibu kusema ndiyo, mnaona? Ndipo akainuka mbuzi jike mmoja, Mama Kidoti. Masika yaliyopita mwanawe, Kidoti, alichukuliwa usiku. Tangu siku hiyo mama yule alikuwa hasemi na mtu. Sasa akasema.

"Unajua ua ulipolegea?"

"Najua, mama."

"Wangu ulimpitisha wapi?"

Jamani! Fisi angeweza kusema si yeye, ni Chui. Nani angebisha? Na maziwa alikuwa ameshaanza kuyanusa. Akaangalia chini. Akaanza kutembea polepole kuzunguka ua, mbuzi wakimfuata kwa ndani. Wakapita mbele, wakapita ubavuni, wakafika nyuma, penye miiba mikavu. Akaisukuma kwa pua. Ikaachia.

"Hapa."

"Alilia?"

"Alilia, mama. Alikuita."

Mama Kidoti akalia, na mimi simlaumu. Akajilaza pale pale penye mwanya. Wenzake walitaka kumshika, akawakatalia. Kisha akasimama, akaburuta tawi bichi la miiba kwa meno yake, akauziba mwanya ule mwenyewe. Miiba ikamchoma midomo, hakujali.

Akamgeukia Ndevu. "Mpe kazi. Na mianya mingine yote atuonyeshe leo hii, jua lisizame."

Machozi yakamtoka Fisi. Akapiga magoti nje ya ua. "Ahsante, mama. Umenisamehe."

"Nimekuajiri," akasema Mama Kidoti. "Maziwa yako utayakuta getini jioni." Akaingia ndani.

— Ngano imekwisha kinywani mwangu!
— Imeanza masikioni mwetu!