Meza Isiyongoja

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, Singano alikuwa amesimama katikati ya kibanda cha Shemdoe, fundi redio wa Muheza, akijisifu. Mara mfuko wa suruali yake ukasema kwa sauti ya kike, yenye adabu zote: "Pole, Singano. Umetolewa mashindanoni. Umeshika nafasi ya mia nne na kumi na mbili, kati ya wachezaji mia nne na kumi na wawili."

Wacheza karata wote waliozoea kukutana pale wakageuka kuutazama mfuko.

"Huyo dada ana haraka," Singano akasema. "Nimepika melini miaka ishirini na sita, nimefungwa karata za poka bandari zote mpaka Valparaiso kule Chile. Lakini kuumbuliwa na suruali yangu mwenyewe, hii ndiyo mara ya kwanza."

Wakacheka. Shemdoe hakucheka. "Kaka, si wewe uliyeandika kwamba ukiweka simu chini, meza inakungoja?"

Ndiye. Wiki mbili nyuma, gazeti moja la mtandaoni lilimwomba akipime chumba cha poka cha kwenye simu kiitwacho Meza ya Almasi. Je, kinamfaa anayecheza kwa starehe? Kinamfaa wa mashindano? Singano akacheza meza za starehe siku tatu, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Akainuka kukoroga mboga, meza ikamngoja. Akaenda msalani, meza ikamngoja. Mashindano hakucheza hata moja. Akaona meza ni meza, akaandika: "Kotekote, meza inakungoja." Akatoa nyota tano. Kumbe meza ya mashindano haingoji: ukiweka simu chini, karata zinaendelea kugawiwa na dau lako linaliwa.

"Nitasahihisha Jumatatu," akasema, masikio yakiwaka moto.

Sasa, asubuhi hiyohiyo, katika mashindano hayohayo, alikuwamo Bi Wilhelmina, akichezea nyumbani kwake, karani mstaafu wa posta, fundi wa karata kuliko wote pale kibandani. Kiingilio hakikuwapo. Zawadi ilikuwa moja, ya mshindi mmoja: tiketi ya ndege kwenda Durban. Na Durban ndiko alikoolewa binti yake, Tumsifu, ndiko aliko mjukuu wa miaka sita ambaye Bi Wilhelmina alimjua kwa kioo cha simu tu.

Saa tisa alasiri habari zikafika: wamebaki wawili, na mmoja ni Bi Wilhelmina! Singano akabeba machungwa, akaenda mbio kumwambia ukweli. Akamkuta Shemdoe keshafika, amekaa kwenye kigoda, anatazama.

"Hodi!"

"Karibu, kaka Singano!" Bi Wilhelmina akaweka simu juu ya kitambaa cha meza, akaenda kubandika chai. Nyumba ile mgeni hapokewi simu ikiwa mkononi. "Itangoja," akasema. "Si umeandika mwenyewe?"

Singano akafungua mdomo. Neno likafika menoni. Haya ikamshika, na badala ya neno kikatoka kisa cha baharia aliyekaanga sabuni akidhani jibini. Bi Wilhelmina akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Shemdoe akatazama simu, akamtazama Singano, akatazama simu. Chipu za mama wa watu, zile sarafu za kuwekea dau, zilikuwa zikiliwa, mgao baada ya mgao. Lakini kibandani kwao karata za mwenzako huzigusi wala huzisemi, hata nyumba iungue. Shemdoe akavikalia viganja vyake.

Chai ilipochemka, simu ikasema kwa adabu: "Hongera, Wilhelmina. Umeshika nafasi ya pili."

Jumatatu wakakutana kibandani. Desturi yao: aliyeharibu mchezo huvaa kofia ya gazeti mwezi mzima, hata sokoni. Kofia ikakunjwa, ikawekwa juu ya benchi.

"Ni yangu," alisema Singano. "Mpishi mzima mimi, nimesifu chungu nisichokionja. Na nilipojua, nikanyamaza nisichekwe mara ya pili kwa siku moja."

"Ni yangu," alisema Shemdoe. "Wewe hukuiona simu, kaka. Mimi niliiona. Vidole kumi, nikavikalia kama kuku."

"Ni yangu," alisema Bi Wilhelmina. "Kanuni za mashindano zilikuwa pale pale, ukurasa wa kwanza. Miaka thelathini nimesoma fomu za watu. Yangu sikuisoma."

Wakabishana mpaka redio zote za Shemdoe zikazimwa ili wasikizane. Aliyeandika bila kujua, kisha akajua akanyamaza. Aliyeona akashika desturi. Mwenye karata aliyeziacha ili ampokee mgeni. Je, wasikilizaji wangu, kofia ilimstahili nani?

Singano naye alimuuliza Bi Wilhelmina swali hilohilo, akijaribu kutabasamu. Mama yule akaiokota kofia, akaikunjua ikawa gazeti tena, akampa Singano.

"Avae yeyote. Mimi nilitaka kumbeba mjukuu wangu."