Jicho la Kushoto Laomba Ruhusa

Paukwa!

Pakawa.

Mnaitikia kichovu. Sawa tu, hata hadithi yenyewe ni ya mchovu.

Hapo zamani za kale, kichwani mwa Kinyonga palikuwa na ofisi, na bosi wake ni Bwana Ubongo. Mlangoni walikaa mapacha, Jicho la Kulia na Jicho la Kushoto. Kugeuka bila ruhusa, marufuku. Na utaratibu ulikuwa huu: anayemeremeta, mbele, anayerukaruka, mbele, aliyekwisha kutazamwa, nyuma ya foleni. Ndiyo system, usiulize.

Siku hiyo Kushoto alizungushwa tangu alfajiri. Tazama umande, tazama nzi, tazama umande. Misuli ikawaka moto. Ndipo akakiona kwa pembeni, ukungu ukungu, kijiti walichokitazama jua likichomoza. Asubuhi kilikuwa mbali. Sasa kilikuwa karibu.

"Bosi, naomba nigeuke. Kile kijiti kimesogea."

"Kilishatazamwa. Foleni. Nenda kwa nzi."

Akaenda kwa nzi. Akarudi.

"Bosi, kile kijiti."

"Kinameremeta?"

"Hapana."

"Kinarukaruka?"

"Kinajongea polepole."

"Basi hakina qualifications. Nenda kwa umande."

Kulia akacheka. "Pacha, relax. Bosi akikosea, kosa ni la bosi."

"Na kaburi ni la nani?"

Kushoto akaenda kwa umande, akarudi, hata sauti imemkauka.

"Bosi, kile kijiti kinatutazama."

Ubongo aliweza kupuuza mengi, lakini si kutazamwa.

"Wote wawili, geukeni."

Wakageuka. Alikuwa Nyoka, kinywa wazi. Kinyonga akaachia tawi, akaanguka majanini pu, kama mzigo uliotupwa. Nyoka akauma hewa.

Kule chini Ubongo akatetemeka mpaka akamaliza, kisha akatoa amri kana kwamba wazo ni lake. "Kuanzia leo hakuna foleni. Kilichotazamwa kitatazamwa tena, na tena, na tena. Kila mmoja ageuke upande wake."

Kushoto akangoja asante. Akangoja. Akaona bora aulize.

"Na kupumzika, bosi, ni lini?"

"Si wewe uliyetaka kutazama?"

Ndiyo maana mpaka leo ukimkuta kinyonga, jicho moja liko huku, la pili liko kule, na hakuna lililotulia.

Hadithi yangu imechokea hapo.